Ngoma Ivumayo: Mapigano ya Kizimbani Yafika Nchi ya Majani Chai



Sisi watu wa pwani twaijua Kericho kwa kikombe. Kila juma majani chai ya bara hunadiwa mjini Mombasa, kisha makasha yake hupita bandarini kwetu kuelekea Pakistani, Misri na Uingereza. Lakini wengi wetu hatujapata kuyaona mashamba yenyewe. Mwezi uliopita tulipata wasaa wa kuyaona, na sababu ya safari yetu haikuwa chai. Rafiki yetu tuliyesoma naye chuoni tukiwa wadogo, ambaye kwa miaka zaidi ya thelathini sasa anauza vitambaa mjini Kericho, alitupigia simu akasema maneno machache: "Njoo unisaidie kwa mwanangu kabla sijasema neno nitakalolijutia."

Tulifika Ijumaa jioni, mvua ya alasiri ikiwa imekwisha kunyesha na vilima vimekaa kijani kama zulia lililokung'utwa. Baada ya chakula, mwenyeji wetu alitoa yaliyomo moyoni. Mwanawe mwenye miaka ishirini ameacha masomo yake ya ufundi wa umeme akiwa katikati ya mwaka wa pili. Ada aliyolipiwa imepotea. Kutwa yumo katika ghala moja njia ya kwenda Bomet akijifunza mapigano yale ya mchanganyiko, ambayo vijana huyaita kwa herufi tatu, MMA: ngumi, teke, goti, kiwiko, mwereka na kabali, yote katika pambano moja ndani ya kizimba cha waya. Asema hiyo ndiyo itakuwa kazi yake.

"Wewe ni sheikh," akatuambia mwenzetu. "Mwambie ni haramu, basi tumalize."

Tukamjibu: "Ndugu yangu, neno hilo si kofi la kumnyamazishia mtoto. Tupe siku tatu tukione kwanza anachokiona yeye."

Jumapili, tulipotoka msikitini baada ya sala ya Alfajiri, baridi ikiwa kali na ukungu umeshuka hadi kwenye mabati, tulisikia kelele kama za harusi. Zilitoka katika kibanda cha kuonyeshea mpira karibu na stendi. Ndani mlikuwa na vijana kama arobaini: waendesha bodaboda waliovaa makoti mazito, wachumaji chai wa zamu ya mapumziko, wanafunzi wawili watatu. Wote walikodolea macho televisheni moja iliyofungwa ukutani. Pambano la usiku wa Jumamosi huko Las Vegas huangukia alfajiri na asubuhi ya Jumapili kwetu, kwa tofauti ya saa. Msomaji atatambua mara moja ni sala gani inayoshindana na kizimba hicho. Tulimkuta kijana wetu mstari wa mbele. Alishtuka kutuona, akainuka kutubusu mkono, kisha akatupisha kiti chake.

Hatutaficha: tulikaa hadi mwisho. Na kilichotushughulisha zaidi ya wapiganaji ni watazamaji. Ngumi zilipokuwa zikirushwa, kibanda kizima kilisimama. Lakini wale wawili walipoanguka chini, mmoja akaanza kumfunga mwenziwe taratibu kwa mikono na miguu, kelele zilikufa, na mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Wainuliwe!" Kijana wetu peke yake ndiye aliyeinama mbele.

"Ami, tazama mkono wa kushoto," alitunong'oneza. "Ameshaunasa. Sasa anatafuta shingo."

Haikupita dakika, yule wa chini akagonga kwa kiganja kuashiria kwamba amesalimu amri. Wale waliokuwa wakilalama walipigwa na bumbuazi, hawakuona yalivyotokea. Wengine walikuwa wameshika simu, na nyuso zao zilituonyesha kwamba walikuwa wamewekea dau.

Tulipotoka nje kunywa chai, kijana alituuliza swali ambalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. "Ami, baba amekuita unipe jibu la halali na haramu, nami nitalisikiliza. Lakini nina swali jingine linaloninyima usingizi. Je, watu wataendelea kuutazama mchezo huu? Nikianza leo, kufika juu kutanichukua miaka kumi. Nikifika nikavikuta viti vitupu, nitakuwa nimeuza meno yangu bure."

Tuliona ni swali la mtu mwenye akili, na kwamba lilistahili kujibiwa kwa utafiti, wala si kwa kemeo. Haya ndiyo tuliyoyakusanya.

Mchezo uliokaribia kufa

Mapigano haya kwa sura yake ya leo yalianza tarehe 12 Novemba 1993 mjini Denver, Marekani. Wanaume wanane wa mitindo mbalimbali waliingizwa kizimbani ili ijulikane ni mtindo upi ulio bora. Aliyeshinda ni Royce Gracie, Mbrazili mwembamba aliyewaangusha watu waliomzidi uzito na kuwakaba hadi wakakubali. Sheria zilikuwa chache mno: usiume, usitoboe macho. Wenye mchezo waliutangaza kwa ukatili wake, na ukatili huo ndio uliokaribia kuuangamiza. Kufikia mwaka 1996 Seneta John McCain alikuwa akiyafananisha mapambano hayo na kupiganisha majogoo, ila kwa binadamu, na akaziandikia serikali za majimbo ziyapige marufuku. Makampuni ya televisheni ya kulipia yakajitenga nayo. Januari 2001 kampuni ya UFC iliuzwa kwa dola milioni 2 tu.

Kilichoufufua ni sheria. Jimbo la New Jersey liliweka kanuni zilizokuja kufuatwa na majimbo mengine: madaraja ya uzito, glavu, raundi zenye dakika maalumu, daktari kando ya kizimba, mwamuzi mwenye mamlaka ya kusimamisha, na orodha ndefu ya mapigo yaliyokatazwa. Mwaka 2016 New York, iliyokuwa imekataa kwa miaka mingi, ilifungua mlango. Mwaka huohuo kampuni ile ya dola milioni 2 iliuzwa kwa takriban dola bilioni 4. Ufaransa nayo iliuhalalisha mchezo mwaka 2020. Na Agosti 2025 ilitangazwa kwamba haki za kuuonyesha Marekani zimenunuliwa na kampuni ya Paramount kwa dola bilioni 7.7 kwa miaka saba kuanzia 2026. Kwa mkataba huo ule mtindo wa mtazamaji kulipia kila pambano kubwa peke yake ukafikia mwisho kule. Sasa mwenye kulipia huduma nzima hupata na mapambano ndani yake.

Mtu akiziangalia tarakimu hizo atasema: jibu limepatikana, watazamaji wapo na wataongezeka. Nasi tulikaribia kusema hivyo. Lakini wahenga wetu wa pwani walisema ngoma ivumayo haidumu, na hawakuisema kwa husuda. Walikuwa wameziona ngoma nyingi.

Kinachovuta macho

Watu hutazama nini hasa, wanapotazama watu wawili wakipigana? Sisi wenyewe tuna michezo yetu. Lamu, siku za harusi na za Maulidi, wanaume huingia uwanjani na fimbo wakicheza kirumbizi. Ngoma hupigwa, zumari hulia, fimbo hugongana, na sifa humwendea anayejua kukinga na kuizuia fimbo yake isimdhuru mwenziwe. Makunduchi, Unguja, siku ya Mwaka Kogwa, wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba ili kinyongo cha mwaka kiishie hapo. Watazamaji wa michezo hiyo huwajua wapiganaji. Ni wajomba zao, ni majirani zao. Hawaji kuona nani atavunjika.

Senegali, nchi ya Waislamu, mwereka wa jadi unaoruhusu na ngumi umekuwa mchezo unaoshindana na kandanda kwa umaarufu. Mwaka 2018 ulifunguliwa uwanja wake wa taifa huko Pikine wenye nafasi ya watu 20,000. Uganda, karibu na Mukono, vijana wamejenga ulingo wa tope wenye nguzo za mianzi, wanacheza mieleka ya maigizo, na video zao zimezunguka dunia nzima. Na ndugu zetu wa Tanzania walituletea Karim Mandonga, bondia aliyeshindwa mara nyingi lakini mdomo wake haukushindwa hata siku moja. Aliziita ngumi zake kwa majina, Sugunyo ikiwa mojawapo. Alipokuja Nairobi Januari 2023 akamshinda Daniel Wanyonyi, hata watu wasiopenda ndondi walikuwa wanalijua jina lake.

Mifano hii yatufundisha kwamba jicho la mtazamaji halifuati pigo, lafuata kisa. Tazameni Khabib Nurmagomedov wa Dagestan. Alipigana mara 29 bila kushindwa, na mtindo wake ulikuwa uleule wa kuangusha na kufunga chini ambao kibandani Kericho ulizomewa. Hata hivyo mamilioni walimfuata, kwa kuwa walikijua kisa chake: mtoto aliyefundishwa na baba yake mlimani. Baba alifariki Julai 2020. Oktoba 24 mwaka huohuo, huko Abu Dhabi, Khabib alishinda pambano lake la mwisho, akalia katikati ya kizimba, kisha akatangaza kustaafu kwa sababu alimwahidi mama yake kwamba hatapigana tena bila baba. Alikuwa na mkanda, na fedha nyingi zilikuwa zikimngoja. Tunakiri kwamba tulipokisimulia kisa hiki kwa mwenyeji wetu, yeye ambaye hakutaka kuusikia mchezo huu, aliuliza: "Na mama yake alisemaje?"

Basi hapo pana udhaifu wa mchezo huu wa kutazamwa. Kampuni zimejaza kalenda. Karibu kila Jumamosi pana pambano. Wapiganaji ni wengi, visa ni vichache, na mtazamaji asiyeijua kazi ya chini huchoka upesi. Mchezo wenye kutegemea damu hulazimika kuongeza damu, na ukiongeza damu unarudi kule ulikonusurika kufa. Mchezo wenye kutegemea elimu ya mtazamaji hukua polepole, lakini hukaa.

Somo la ndondi zetu

Tulimkumbusha kijana kwamba Kenya imekwisha kuwa na mchezo wa kizimba uliotetemesha nchi. Mabondia wetu walileta medali saba za Olimpiki kati ya 1968 na 1988. Philip Waruinge wa Nakuru, mji ulio safari fupi kutoka Kericho, alipata shaba Mexico mwaka 1968 na kombe la bondia mwenye ustadi kuliko wote, kisha fedha Munich mwaka 1972. Ibrahim Bilali alileta shaba kutoka Los Angeles mwaka 1984. Na Robert Wangila aliinyakua dhahabu Seoul mwaka 1988. Siku hizo sisi tulikuwa vijana. Watu walijazana kwenye televisheni chache zilizokuwepo mtaani, na kila mtoto alikunja ngumi.

Tangu 1988 hatujapata medali nyingine ya ndondi katika Olimpiki. Kumbi zilipoa, wafadhili wakahama, watazamaji wakageukia mpira wa Uingereza. Na Wangila mwenyewe aliingia katika ndondi za kulipwa Marekani, akapigana Las Vegas Julai 1994, mwamuzi akalisimamisha pambano, naye akalalamika kwamba bado ana nguvu. Muda mfupi baadaye alianguka akapoteza fahamu, na hakuamka. Alikuwa na miaka 26.

Kijana alinyamaza kitambo. Kisha akasema: "Ami, mimi nimezaliwa baada ya hapo. Hakuna aliyenisimulia."

Jibu lake lilituchoma, maana lilikuwa ndilo jibu la swali lake. Ukumbi uliomshangilia Wangila ulisahau kabla mtoto huyu hajazaliwa. Watazamaji huwepo daima. Ila hawawi watazamaji wa mtu mmoja, na ni wepesi wa kuondoka.

Mnada na mchumaji

Siku ya tatu tulifuatana naye hadi ghalani. Gari lilipita Litein na Kaplong, mashamba pande zote mbili, wachumaji wakiwa na vikapu mgongoni wakichuma majani mawili na chipukizi. Sehemu nyingine hatukuona watu bali mashine. Wasomaji watakumbuka vurugu za Mei 2023 Kericho, mashine za kuchumia zilipochomwa moto na watu walioona riziki zao zikimezwa. Vijana wengi wa ghala lile ni watoto wa wachumaji. Bibi zao walilea familia kwa mikono miwili. Wao wanaambiwa kwamba mikono haihitajiki tena. Si ajabu wameamua kuitafutia mikono hiyo kazi nyingine.

Ghala ni la mabati, lina mikeka iliyochakaa sakafuni na magunia yaliyojazwa maranda ya mbao yakining'inia kwenye boriti. Mwalimu wao ni askari mstaafu aliyejifunza judo akiwa kazini, mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Tulimwuliza kuhusu watazamaji, akacheka.

"Sheikh, tulifanya onyesho siku ya soko. Walikuja watu kama mia. Walipoona hakuna damu, nusu yao waliondoka wakaenda kumtazama muuza dawa mwenye nyoka."

"Na nusu iliyobaki?"

"Waliobaki walikuwa wazee. Walitaka kujua mtu mdogo anawezaje kumwangusha mkubwa. Mmoja alirudi juma lililofuata akaniletea mjukuu wake, na maziwa ya mursik."

Tukarudi kwenye hesabu. Ligi ya PFL imefungua tawi la Afrika, na Francis Ngannou wa Kameruni, aliyechimba mchanga utotoni na baadaye akawa bingwa wa uzito wa juu wa UFC mwaka 2021, ndiye aliyekuwa kinara wake lilipoanza. Mapambano yake ya kwanza yalifanyika Cape Town Julai 2025, na Oktoba mwaka huohuo yakafika Kigali. Kwa hiyo kijana wa Kericho hahitaji tena kuota Las Vegas. Kizimba kimesogea hadi Afrika Mashariki. Hili ni jambo la kweli na hatukulificha.

Lakini tulimpa mfano anaouelewa. Mchumaji huchuma, kiwanda husindika, mnada wa Mombasa huamua bei, na kikombe huuzwa London kwa fedha ambazo mchumaji hazijui. Kizimba nacho kina mnada wake. Wachezaji wa mpira wa kikapu wa ligi kuu ya Marekani hupata karibu nusu ya mapato ya ligi yao kwa kuwa wana chama kinachowasemea. Wapiganaji wa UFC, kwa hesabu zilizofichuka mahakamani, walikuwa wakipata takriban sehemu moja kwa tano. Wapiganaji wa zamani waliishtaki kampuni hiyo kuanzia mwaka 2014. Februari 2025 mahakama iliidhinisha walipwe dola milioni 375 kumaliza moja ya kesi hizo. Zile bilioni 7.7 zitalipwa kwa ajili ya macho ya watazamaji. Ni kiasi gani kitamfikia anayepigwa?

"Kwa hiyo mchezo utaishi," kijana alisema taratibu, "ila huenda usinilishe."

Tulisema ndivyo tunavyoona. Mchezo una maisha marefu mbele yake kama utaendelea kufungwa na sheria, kama watazamaji watafundishwa kuuona mwereka, na kama wapiganaji watapata sauti katika mapato. Ukikosa hayo utavuma na kupasuka, kama ngoma nyingine. Katika hali zote mbili, wachache mno ndio watakaoishi kwa kutazamwa. Walio wengi watabaki na maumivu ya kichwa, na hakuna atakayewalipia dawa.

Jibu tulilolitoa

Ilibaki haja ya baba. Jioni ya siku hiyo tuliketi watatu. Tulieleza kwamba dini haikuuchukia mwereka. Sira yatusimulia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mwereka na Rukana, mtu mwenye nguvu nyingi katika Makureshi, akamwangusha. Lakini ametukataza kupiga uso, na uso ndio shabaha ya ngumi nyingi katika kizimba hiki. Baraza la Fiqhi la Rabita lilipokutana Makka mwaka 1987 liliiharamisha ndondi kwa madhara yake makusudi kwa mwili. Liliharamisha pia mieleka ya kila namna ambayo mtu huruhusiwa kumdhuru mwenziwe, likaruhusu mwereka ulio mazoezi ya mwili usio na madhara. Mpaka uko hapo, nao si wa kuficha. Kamari ya simuni haina mjadala.

Kwa hiyo tulimwambia kijana: shika mwereka na judo, acha mapigo ya uso. Judo iliingizwa katika Olimpiki Tokyo mwaka 1964, michezo ileile ambayo Wilson Kiprugut Chuma, mtu wa Kericho hii, aliipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800. Hakuna aliyejaza ukumbi kumwona akifanya mazoezi. Rudi ukamalize masomo ya umeme, ili mkate wako usitegemee kelele za watu. Na Jumapili, sala kwanza.

Kijana hakukubali mara moja, na tulimheshimu kwa hilo. Alisema: "Ami, masomo nitarudi. Mwereka nitashika. Lakini siwezi kuahidi leo kwamba sitaingia kizimbani kamwe. Nikiahidi nitakuwa nimekudanganya. Nipeni hadi mwisho wa mwaka."

Baba alitaka kuinuka. Tukamshika mkono. Tulimwambia: "Nawe pia una la kufanya. Mwanao ana mwaka mzima katika ghala lile na hujalikanyaga. Nenda ukamtazame mara moja. Umati wa Las Vegas haumjui jina. Wewe ndiwe uliyemwadhinia sikioni alipozaliwa."

Mwenzetu alikaa kimya muda mrefu, akizungusha kikombe chake. Hatimaye akauliza bila kumwangalia mtu: "Mnafanya siku gani?"

"Jumatano na Jumamosi, baba. Saa kumi."

"Jumamosi duka nafunga mapema," akasema.

Tuliondoka Jumatatu asubuhi. Juma lililofuata tulipokea ujumbe kwa simu kutoka kwa mwenyeji wetu. Hakuandika habari za kizimba wala za fatwa. Aliandika kwamba amenunua mkeka mmoja mpya kwa ajili ya ghala, kwa kuwa ule uliokuwepo umetoboka, na mtoto wa mtu anaweza kuumia kichwa. Na kwamba mwanawe ameandikishwa tena chuoni kwa muhula ujao. Juu ya lile lililobaki, bado wanazungumza.

Wasomaji wetu wapenzi, katika nyumba zetu za Mombasa, Malindi na Lamu wamo vijana wanaotazama kizimba hicho hicho kila Jumapili. Kabla hatujakizima kisanduku kwa hasira, tuketi nao pambano moja tuwaulize wanachokiona. Huenda tukasikia swali ambalo hatukulitarajia, nao huenda wakatusikiliza tukijibu. Mwenyezi Mungu atulinde watoto wetu, azilinde akili zao na nyuso zao, na atujaalie tuwe wa kwanza kuwatazama. Amin.